Picha ya Jua na Jicho la Dada Yangu

Nakumbuka asubuhi moja pale kijijini kwetu Nyabiondo, mwanangu, na laiti ningeweza kuisahau.

Nilikuwa mwalimu kijana. Padri mmoja aliyekuwa akihama aliniachia darubini yake kuukuu, pamoja na kichujio cha kufunika mdomo wa darubini hiyo, ili mtu aweze kulipiga picha jua bila kuunguza jicho. Nilitamani kuwa wa kwanza kwetu kuonyesha madoa ya jua. Asubuhi hiyo ukungu ulitanda juu ya mashamba, na jua likawa jeupe, la upole, jinsi sisi watu wa milimani tulivyozoea kulitazama kwa macho matupu. Nikiwa na kichujio, picha zilitoka giza tupu. Nikajiambia kuwa ukungu unatosha. Nikakiondoa kichujio, nikaegesha simu kwenye kioo cha kutazamia, nikapiga. Madoa yakatokea.

Dada yangu mkubwa, aliyekuwa akichambua maharage uani, akainuka.

"Kaka, na mimi nione! Ao iko ya ba mwalimu tu?"

"Kuya tu uone, Dada. Ukungu iko mingi."

Nikaondoa simu, akainama na kuweka jicho kwenye kioo, na papo hapo ukungu ukafunguka. Hakulia, kwa maana jicho haliumi linapoungua kwa ndani. Alicheka, akarudi kwenye ungo wake. Adhuhuri akaniita kwa sauti ndogo: "Kaka, kuko kitu kyeusi katikati ya kila kitu naangalia."

Muuguzi alituambia kuwa jicho hilo halina dawa. Jioni Papa, baba yetu, akauliza ni nani aliyemruhusu. Nami, niliyesoma kuliko wote nyumbani mwetu, nikajibu: "Nilimukataza, Papa. Alikataa kusikia."

Dada alinitazama, akainuka kwenda jikoni. Papa alimwita Dada mkaidi hadi siku Papa mwenyewe alipokufa. Picha yangu, kwa upande wake, ilisifiwa sana.

Mwaka jana nilikwenda kumwomba msamaha.

"Jicho nilishakusamehea zamani," alisema. "Ile neno yako mbele ya Papa njo sijakusamehea bado. Na Papa hayuko tena, utamuambia nani?"

Nilikaa chini, nikamsaidia kuchambua maharage.

Basi, mwanangu, usimwalike mtu kwenye kitu ambacho wewe mwenyewe umekiondolea kinga. Na ukimwumiza, kiri siku hiyohiyo, mbele ya yule unayemwogopa, kwa sababu naye atakufa, na uongo wako atakwenda nao kaburini akiuamini.

Mungu akulindie macho yako, akujalie na ulimi wa kusema "ni mimi" wakati bado yupo wa kukusikia.