Kaye ya Atelye ya Papa

Harufu ya mkaratusi mbichi unaochongwa hunikuta popote nilipo, na kunirudisha Katoyi, kwenye atelye ya papa, karakana ya baba yangu. Ni harufu kali, ya kufungua pua, iliyochanganyika na mpira wa matairi yaliyokatwa. Pale tulitengeneza chukudu, zile baiskeli nzito za mbao zinazobeba viazi, makaa na hata vitanda vya maharusi katika mji wetu wa Goma. Kwa wengine ni harufu ya kazi. Kwangu ni harufu ya aibu, na mbali na mtu mmoja, ninyi ndio wa kwanza ninaowaambia.

Papa hakuupenda msemo kwamba ajali haina kinga. "Ajali inabisha hodi mbele ya kuingia," alisema, "ni sisi tunajifanya viziwi." Basi aliweka desturi: kila saa sita, kabla ya kugusa bugali na dagaa wetu wa sambaza, kila fundi alitaja kitu kimoja alichokiona asubuhi ile kinachoweza kuumiza mtu, nacho kikatengenezwa kabla ya kazi kuendelea. Mimi, binti wa miaka kumi na mmoja mwenye mwandiko mzuri, niliandika katika kaye, daftari la atelye, wakati wa likizo, kisha nikasoma kwa sauti. Papa alinipa sharti moja.

"Andika kitu, mama. Usiandike mutu."

Siku za kwanza nilitii. Lakini "msumari uko chini" ni sentensi kavu, nami nilikuwa na njaa ya kusifiwa. Siku moja papa alipokwenda kutafuta mbao, nilisimama juu ya gogo nikasoma: "Papa Kasereka anataga misumari kila mahali kama kuku asiye na kiota."

Atelye nzima iliangua kicheko. Papa Bahati, fundi aliyejaribu kila chukudu mpya kwa kuiteremsha mlimani akipiga mluzi, alicheka hadi machozi. Tangu hapo Kasereka, mtu mpole wa Butembo, mwenye watoto wakubwa kuliko mimi, hakuitwa tena kwa jina lake.

"Weye Kuku, leo umetaga wapi?"

"Mumuache, anaatamia!"

Naye alitabasamu tu. Mimi nilivimba kichwa kama mtu aliyetunga wimbo wa kijiji.

Ila saa sita, zamu yake ilipofika, alianza kutoa jibu moja tu: "Sijaona kitu." Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Niliandika hivyo hivyo: hajaona kitu.

Siku ya nne kichwa cha shoka lake kilichomoka katika mpini, kikaruka juu ya maranda na kumpiga Papa Bahati gotini. Nilisikia sauti ya mfupa. Sitaieleza.

Baada ya Bahati kubebwa hospitalini, papa aliuliza, polepole, "Kasereka, ulijua?"

"Nilijua tangu juzi, patron. Mpini ulikuwa unacheza." "Lakini kama ningesema, mutoto angenisoma tena."

Papa aliniomba kaye. Aliufungua ukurasa wa kuku, akausoma, akanirudishia. Kama angenipiga, ningelia na mambo yangekwisha. Bahati hakuiteremsha chukudu tena maishani mwake. Na lawama yote mafundi walimtwika Kasereka. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa ameondoka kurudi kwao Butembo.

Mwaka jana nilikwenda kwa Papa Bahati kuomba msamaha. Alinisikiliza huku akikanda goti lake.

"Nilikwisha kukusamehe, mama. Ulikuwa mutoto." Kisha akatazama mlangoni. "Lakini mimi nilikuwa muzee. Na ni mimi nilikuwa nacheka kuwapita wote."

Miaka yote ile nilikuwa nimebeba aibu ya goti lake, na goti lina mwenyewe, aliyekuwepo kunisamehe. Aibu ya pili sikuwa hata nimeitambua. Nilimfunga mdomo mtu mzima kwa sentensi moja, kisha nikawaacha wenzake wamwite mzembe, nami nikijua fika kwa nini alinyamaza.

Nilimuuliza Bahati kama anajua Kasereka anaishi upande gani wa Butembo. Hakujua. Nimewauliza mafundi wote waliobaki. Hakuna anayejua.