Nilitangaza kwamba kuku wa mkwe wangu ndio walioniulia figo

Nina miaka sabini na nne. Nimezika wake wawili, kaka zangu wote wanne, na daktari mmoja aliyeniambia sitafika sabini. Shule niliishia darasa la tatu, naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo anayetaka kucheka acheke. Admin, jina langu lifiche. Nimechoka, lakini hili nilimalize.

Nilikuwa mnunuzi wa asali. Kuanzia Kigwa mpaka Bukene hakuna mrina asali asiyenijua. Nilikuwa na desturi yangu: kila msimu ukiisha, madumu yakishapimwa yote, napanda mwenyewe juu ya mizani mbele ya watu. Kilo zikizidi za mwaka jana, nashangiliwa, nachinja mbuzi. Kwetu mwanamume akinenepa ni heshima, akikonda wanauliza nyumbani kwake kuna nini. Mtani wangu Mgogo, mnoa visu, alikuwa ananipigia kelele: "Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe unabeba tumbo mpaka chooni!" Nacheka, namkatia paja la mbuzi.

Msimu uliopita niliongezeka kilo kumi na moja kwa mpigo. Sijawahi kushangiliwa vile. Viatu vilikuwa havinienei tena, asubuhi naamka macho yamevimba, mimi nasema ni unono huo. Haikupita muda nikawa siwezi kulala chali, pumzi inakata. Hospitali wakasema figo.

Nikatafuta wa kumtupia. Mke wa mwanangu, mwanangu yuko machimboni, huyu mkwe nimwite Tunu, alikuwa anafuga kuku wa kisasa uani kwangu. Kuku wa wiki tano ana kifua kama bata! Nilishasikia watu wanasema wanachomwa homoni za kukuza. Sikuuliza mtu. Ijumaa baada ya swala nikasimama barazani hapa Cheyo, nikapandisha kanzu, nikasema, "Tazameni miguu yangu. Yule mwanamke anatulisha sindano." Wateja wake wakakatika siku hiyo hiyo. Mama lishe mmoja alimrudishia hata kuku waliokwisha kunyonyolewa.

Tunu akaja akapiga magoti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, kuku wangu nawapa chakula cha dukani na chanjo ya kideri, basi. Hiyo sindano ya kukuza hata sijawahi kuiona. Halafu baba, hao kuku umewala lini? Si unasema nyama yao ni sponji?"

Kweli sikuwahi kuwala. Mimi ni mtu wa mbuzi na wali wa samli. Nikamjibu, "Harufu yao tu inatosha."

Mwezi uliopita, kliniki, nikampata daktari binti mdogo. Nikamweleza habari za kuku. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzee wangu, kuku wa kisasa anakua haraka kwa mbegu yake na chakula, hachomwi homoni. Homoni ya ukuaji unayo mwenyewe mwilini. Unene ukizidi unaivuruga hiyo na nyingine, presha inapanda, figo zinachuja kupita uwezo wake mpaka zinachakaa. Na zile kilo kumi na moja hazikuwa nyama. Yalikuwa maji." Akabonyeza mguu wangu kwa dole gumba. Akaliondoa, shimo likabaki.

Nilikaa nalitazama lile shimo. Nilichinja mbuzi kushangilia ugonjwa.

Narudi nyumbani, Tunu yuko mlangoni. "Baba, wamesemaje?"

Ulimi huu, Mungu anisamehe, ukasema, "Wamesema ni kuku."

Akainama. "Haya, baba." Kesho yake akagawa kuku waliobaki. Mpaka leo ananipikia chakula kisicho na chumvi kama nilivyoagizwa, ananiosha miguu, haongei. Keshokutwa anakuja mtu kung'oa mabati ya banda, na yeye amefunga mizigo anarudi kwao Urambo. Mwanangu alimjibu kwenye simu, nikasikia, "Baba akisema kuku, ni kuku." Hilo ndilo linalonichoma. Ninaaminiwa.

Maishani mwangu sijaomba radhi kwa mtu, hata kwa wake zangu wale wawili. Nikikiri hapa bila jina, yeye hasafiki. Nikikiri barazani, mimi ni mzee aliyemzulia mwanamke anayemwosha miguu. Wenye busara niambieni: nianze kwake, jikoni, au nianzie palepale nilipomchafua? Mniambie leo. Keshokutwa si mbali.

Anayedhani natunga, barazani kwetu Ijumaa ile tulijaa, wote walinisikia. Daktari yule naye yupo, anakumbuka alichoniambia. Tunu msimuulize. Yeye bado anaamini ni kuku wake.