Neno Nililomtungia Mungu

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usije ukanihurumia kabla ya kufika mwisho.

Nilimtungia Mungu neno. Nililiweka kinywani mwake kama mtu anayeghushi sahihi ya mwingine, na kaka yangu akaliamini. Jina langu sikupi. Jua tu kwamba mimi ni msichana wa Goma na nashona nguo mtaa wa Keshero. Kushona sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kufumua nguo kuukuu, nikitazama sindano ya mwenzangu ilipita wapi. Mshono ukipinda hata kidogo, naufumua wote. Mama husema huo ndio ugonjwa wangu.

Hata kwa Mungu nilikuwa hivyo. Nikivunja mfungo saa moja kabla ya wakati, naanza siku zote upya. Nikisinzia katika maombi, narudi mwanzo. Nilikuwa na kaye, daftari la kuandikia yale niliyosikia kwa Mungu, na nilitaka kila ukurasa ujae.

Yote yalianza na volkano. Jioni ile mlima ulipopasuka tulikuwa barabarani na magodoro kichwani, mbingu nyekundu juu yetu, na mama analia kwamba nyumba imekwisha. Nilitaka tu anyamaze. Nikamwambia Mungu ameniambia moto hautafika kwetu. Mungu hakuwa ameniambia kitu! Nilikiogopa kilio chake kuliko moto wenyewe.

Na moto ukasimama mitaa miwili juu ya nyumba yetu. Jiwe lake jeusi bado liko pale, watoto wanateleza juu yake.

Mama alitoa ushuhuda kanisani. Tangu siku ile nikawa mtu wa neno. Kwetu, katika vikundi vya maombi, mtu wa namna hiyo huulizwa kila jambo: nisafiri au nisisafiri, huyu mwanaume nimkubali au nimwache. Watu walikuja kukaa kwenye benchi ya wateja wangu bila kitambaa chochote mkononi. Niliwajibu wote. Mara nyingine nilidhani kweli nimesikia. Mara nyingine nilikisia. Hata siku moja sikuthubutu kusema: sijasikia.

Kaka yangu mkubwa, ambaye namwita Yaya kama kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa, aliishi katika mji mdogo wa Kiwanja, kaskazini mwa Goma, na mke wake, Mama Aline, na watoto wao wawili. Alinunua maharagwe kwa wakulima na kuyaleta Goma. Waasi walipoanza kukaribia, alinipigia simu asubuhi. Alisema wengine wanafunga mizigo, na wengine wanawacheka wanaofunga, kwa sababu wamekwisha kukimbia mara nyingi na kurudi wakikuta hata milango imeng'olewa. Kamyo ya rafiki yake, lori la mizigo, ilikuwa inatoka saa nane mchana. Nafasi yao ilikuwepo, juu ya magunia.

"Mudogo wangu, wewe njo unajua kusikia," akaniambia. "Uniulizie Mungu. Tubaki ao tuende? Chochote atasema, nitafanya."

Nilifunga duka, nikapiga magoti juu ya vipande vya vitambaa, kaye wazi mbele yangu. Nikaomba. Nilisikia pikipiki. Nilisikia mama muuza dagaa wa sambaza akipita na beseni lake, na kuku wa jirani. Sauti ya Mungu, hakuna. Saa saba ikapita na ukurasa bado mweupe.

Ukurasa mweupe unaniuma kama mshono uliopinda. Nikawaza: nikimwambia sijasikia, atajua kwamba sikuwahi kusikia. Nikisema waende na vita visifike, nitaonekana mwoga. Kubaki kulionekana kuwa imani kubwa zaidi. Ndiyo, niliwaza hivyo! Niliamua maisha ya watu wanne kama mtu anayechagua rangi ya uzi. Nikaandika, kisha nikampigia.

"Mungu anasema mubaki," nikamwambia. "Hakuna hata kimoja chenu kitakachopotea."

Akacheka kwa raha. Akasema basi ngoja akageuze maharagwe kwenye turubai, jua ni zuri. Sijaisikia tena sauti yake.

Waasi waliingia siku ya tatu. Walikusanya wanaume wawabebee masanduku ya risasi mpaka milimani, na Yaya alikuwa mmoja wao. Mama Aline alifika kwetu wiki kadhaa baadaye, nusu kwa miguu, nusu kwa pikipiki, na watoto wawili na sufuria moja. Nilitegemea anitemee mate. Alinikumbatia. Alisema bila lile neno angerukwa na akili njiani.

Amekaa kwetu tangu hapo. Mwaka jana alikuja mtu wa Kiwanja aliyebeba masanduku pamoja na Yaya. Alikataa chai. Alisema Yaya alishikwa na homa kali huko milimani wakamwacha kando ya njia. Hakumwona akifa, lakini kati ya walioachwa pale, hajasikia hata mmoja aliyerudi.

Wazee wa familia wakataka tukae matanga, tulie, mioyo ipumzike. Mama Aline akakataa. Akasema atalia siku Mungu atakapobadilisha neno lake kupitia wifi yake. Watu wote nyumbani wakanigeukia.

Nilichukua ndoo mlangoni. Nilitoka nje, nikaenda kuchota maji.

Kesho yake alinifuata kwenye mashine na kitambaa cha buluu. Alitaka nimshonee Yaya shati la kuvaa siku watakapotoa ushuhuda wa kurudi kwake. Nikamjibu kwamba vipimo vyake vya zamani ninavyo.

"Punguza kiunoni," akasema. "Atakuwa amekonda."

Hapo nilishindwa. "Mama Aline, Mungu hakuniambia kitu. Nilitunga. Niliona haya kusema sijasikia."

Aliweka kitambaa juu ya mashine. Niliitafuta hasira usoni mwake, niliihitaji. Haikuwepo. Akanishika mkono kama mtu anayemshika mgonjwa.

"Wifi, umechoka. Shetani anapenda kusumbua wenye neno. Moto wa volkano ulisimama ao haukusimama?"

"Ulisimama."

"Basi. Kama imani yako imeisha, mimi nitaamini kwa ajili ya sisi wawili. Wewe ushone tu."

Nifanye nini tena? Nilikwenda kwa mchungaji, akasifu unyenyekevu wangu. Nilimwambia mama, akaniomba nisimnyang'anye mjane kitu pekee alicho nacho. Alisema "mjane" kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa.

Nilidhani kuishi kwa imani ni kuwa na jibu bila doa. Sasa ninaishi nyumba moja na mtu mwenye imani kweli, anayeamka kila siku na kumshukuru Mungu, na imani yake imesimama juu ya uongo wangu. Mungu ataipokea? Namwuliza kila asubuhi. Kimya ni kilekile cha siku ile, ila sasa sikijazi. Kaye ina kurasa nyeupe nyingi, na kila mmoja unaniuma.

Shati nimelifumua mara nne. Sijui nipunguze kiasi gani. Jana Mama Aline aliuliza kama limekwisha, nikamwambia bado vifungo.

Wewe ambaye watu wanakufuata kuuliza Mungu amesema nini, nakuomba. Aibu ya kusema hujui utalala nayo na kuamka nayo, na kesho itapungua. Hii yangu haipungui. Kama hujasikia, sema hujasikia, umwache mtu apande kamyo yake.