Chaki na Vidonge

Miaka ya themanini ilipoanza, nikifundisha shule ya msingi karibu na Voi, nilikula chaki kama njugu. Nilikuwa na mimba ya kwanza baada ya kusubiri miaka sita, na daktari wa kliniki alikuwa ameniambia mambo mawili: kwamba moyo wa mtoto hupiga kwa kalsiamu, kwa hiyo ninywe maziwa, na kwamba vidonge vyangu vya pumu, vile vya steroidi, nisithubutu kuviacha ghafla.

La kwanza nililishika. La pili nililitupilia mbali. Vidonge vilikuwa vimenivimbisha uso, walimu wenzangu wakinitania kwamba mume wangu ananilisha vizuri. Mama mkwe aliposhuka kutoka kijijini Wusi, kule milimani, aliniangalia, akasema, "Mwanangu, kama dawa inafanya uso hivi, huko ndani inamfanyaje mtoto?" Siku hiyo hiyo nilivimwaga chooni. Ukame ulipokausha maziwa, nikageukia chaki. Nilijua ina kalsiamu, nikajiona msomi kweli kweli.

Wiki moja baadaye, vumbi la mkonge kutoka mashamba ya jirani lilinibana kifua darasani. Walimu wenzangu walinibeba mpaka hospitali nikitafuta pumzi, na huko uchungu ukaanza. Mimba ilikuwa ya miezi saba.

Alikuwa msichana. Ngozi yake ilikuwa nyembamba hata niliona moyo ukipiga ubavuni, mara mbio, mara unasita. Nilimshika koti daktari, yule yule wa kliniki. "Mwongezee kalsiamu! Mimi nimekula chaki kila siku!"

Alinikalisha. "Mwalimu, kalsiamu iko kwa damu yake. Shida ni kuingia. Inaingia kwenye chembe za moyo kupitia vijilango vidogo sana, na vijilango hivyo hukomaa polepole. Homoni za mwili, ndugu za zile steroidi zako, husaidia kuviandaa miezi ya mwisho. Huyu ametoka mapema. Vidonge ulikuwa unameza?"

"Niliacha."

Hakunikemea. Afadhali angenikemea, ningepata wa kumkasirikia.

Nilimwomba Mungu, nikambembeleza, nikamtisha pia, sifichi. Siku ya pili, saa nane mchana, moyo ulisita chini ya kidole changu. Nikasubiri upige tena. Nilisubiri mpaka nesi akauondoa mkono wangu.

Mume wangu alikuwa kazini Mombasa, kwenye reli, bado hajapata habari. Aliyefika kwanza ni mama mkwe, na uji kwenye chupa ya chai. Alinikumbatia, akalia mpaka kanga yake ikalowa. Kisha akasema, "Ni zile dawa zao, mwanangu. Laiti ungeziacha mapema zaidi."

Ukweli ulinijaa mdomoni. Lakini alikuwa amenishika, na tangu mtoto achukuliwe hakuna mwingine aliyenishika.

"Ndiyo, mama," nikasema.