Mfuniko wa Kizazi cha Tatu

Ukimpelekea Muzammil mashine ya kufyonza vumbi, usidhani ataitazama usoni. Ataipindua kwanza, tumbo juu, asome karatasi ya namba iliyobandikwa chini, na kama karatasi imebanduliwa, ndipo anapocheka. Kuibandua, husema, ni sawa na mtu kukuficha jina la babake. Halafu atapitisha kidole ukingoni, chini ya mfuniko, na kabla hujamaliza kumwamkia atakuwa amekwisha kukwambia ni ya kizazi gani. Mimi nimekaa naye mlango kwa mlango hapa Ukunda, yeye na mashine zake, mimi na cherehani yangu, na sijapata kumsikia akikosea. Hilo la kutokosea ndilo lililomponza.

Mashine zake si hizi za plastiki nyepesi za madukani. Ni zile nzito za Kijerumani ambazo wazungu wa Diani na Galu huja nazo wakihamia, na wakirudi kwao huziacha. Yeye huzinunua, huzisafisha, huziuza kwa wenye nyumba za wageni, kwa misikiti yenye mazulia, na kwa watu wenye pumu majumbani. Anazigawa kwa vizazi kama mtu anayepanga ukoo. Kizazi cha kwanza kina kelele na waya usiojikunja. Cha pili waya unajikunja, lakini vumbi jembamba linapenya na kutokea nyuma. Cha tatu ndicho chenyewe: mdomo wa mwili umezungushiwa mpira mweusi, nyuma kuna chujio nene, na kinachoingia hakitoki. Watu wengi wanakitambua kwa kidirisha kidogo kilicho juu ya mfuniko, kile kinachoonyesha mfuko umejaa. Muzammil huwacheka. Mfuniko ni kofia tu, huwaambia, tazama mwili.

Mimi Mwanaima naingia hapo kwa mifuko. Mifuko ya karatasi ya mashine hizo haipatikani huku, kwa hiyo nawashonea wateja wake ya kitambaa kizito, kila mmoja na kipande cha kadibodi mdomoni cha kuukalisha mahali pake. Kadibodi ya kizazi cha pili ni mraba mtupu. Ya cha tatu imekatwa pembe moja. Elimu yangu ya vakyumu ndiyo hiyo, sina nyingine.

Basi akaja Bi Mwanafatuma wa Msambweni. Ni mpishi katika hoteli moja kule Galu, mama wa makamo, mpole, mwenye kusalimu mpaka paka wa mlangoni. Anamlea mjukuu wake Nusra, mtoto wa darasa la pili mwenye pumu. Nyumba yao iko kando ya njia ya vumbi, na daktari alikuwa amewaambia vumbi la ndani lipunguzwe kwa kila njia, magodoro na mazulia yote. Hotelini Bi Mwanafatuma alikuwa amesikia habari za mashine ya kizazi cha tatu. Hakutaka nyingine. Muzammil akamwambia aende zake akatulie, yeye ataitafuta, na akiipata atajua ni yenyewe, kwani yeye hadanganyiki. Alilisema hilo kwa sauti, sote tukamsikia mpaka muuza nazi.

Akaipata kweli, kwa Mswisi mmoja wa Galu aliyekuwa akifunga nyumba. Siku hiyo stima ilikuwa imepotea Galu nzima. Mtu mwingine angesema nitarudi kesho. Muzammil akaipindua, akasoma karatasi, akapapasa mpira, akaona kila alama ipo, akatoa pesa. Aliporudi na kuichomeka hapa kwake ikatoa harufu ya kuungua, kisha moshi, kisha kimya. Mota ilikuwa imekufa zamani. Nilimwona amesimama ameshika plagi, na nikajua amepigwa changa la macho, lakini sikujua nimcheke au nimpe pole. Nilimpa pole. 

Yaliyofuata niliyajua baadaye. Alijaribu kuitia mota ya kizazi cha pili ndani ya mwili wa tatu mpaka akachubuka vidole, haikuingia. Sasa afanye nini? Amwambie yule mama kwamba yeye, Muzammil asiyedanganyika, ameuziwa maiti? Yeye ni mtu wa kufa na tai shingoni. Akautoa ule mfuniko wenye kidirisha, akauweka juu ya mashine nzima ya kizazi cha pili, ukakaa. Haukukaza, maana mpira wa kuukaza haupo huko, lakini kwa macho ulikaa.

Siku ya kuuziana nilikuwepo. Bi Mwanafatuma aliizunguka mashine akiitazama kama bibi arusi, akauliza kama hii ndiyo yenyewe ya kizazi cha tatu. Muzammil akainama akifuta waya kwa kitambaa.

"Si unakiona kidirisha, mama?" akasema.

Basi. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Kisha wakauziana kwa maneno, kama inavyotakiwa kwetu, muuzaji atamke na mnunuzi atamke. Yeye akasema, "Nimekuuzia mashine hii kama unavyoiona." Na mama wa watu akasema amenunua, akamwombea dua ndefu pale pale, ya riziki na ya wazazi wake waliotangulia. Mimi nikaitikia amina kwa bidii, sijui kitu.

Dua hiyo ilikuwa mwanzo tu. Kila Bi Mwanafatuma alipopita Ukunda kwenda kazini alimletea kitu. Mara vibibi vya unga wa mchele, mara mkate wa sinia, mara bakuli la mbaazi za nazi limefunikwa kwa kitambaa safi. Muzammil anapokea, anashukuru, na mama akishapinda kona tu, bakuli linahamia kwangu. Mwanzo nilifurahi, nani asiyependa mbaazi? Kisha nikaanza kumtania kwamba amepata mchumba mtu mzima na sasa anaona haya kula chakula chake. Aliniambia ninyamaze, kwa ukali ambao sijapata kuuona kwake. Nikaona mwanamume amekonda. Mteja akija kuuliza kizazi, hana haraka tena ya kujibu, anasema tazama mwenyewe.

Siku moja Bi Mwanafatuma akaja kwangu mimi. Mfuko uliokuja na mashine ulikuwa umechakaa, akanipa niutumie kama kipimo cha kushona mwingine. Nikautoa kwenye plastiki, nikauweka mezani, nikatazama kadibodi yake. Mraba mtupu. Nikaigeuza upande wa pili, labda pembe imekunjika. Haikukunjika. Yeye huku ananisimulia kwamba Nusra bado anakohoa, hasa siku za kusafisha, wala haelewi kwa nini, na anamshukuru Mungu angalau wana mashine nzuri, bila hiyo ingekuwaje?  Nilipaswa kusema. Nikasema mfuko utakuwa tayari keshokutwa.

Alipoondoka nilivuka kwa Muzammil na mfuko mkononi. Sikumwamkia. Niliuweka mbele yake nikamwuliza hii kadibodi ni ya kizazi gani, fundi. Akaitazama, akaketi juu ya ndoo. Chini ya meza yake, nyuma ya gunia, nikaiona ile mashine ya Mswisi, mwili mzuri na mpira wake mweusi, kichwa wazi.

Akaniambia hakusema uongo. Alisema kama unavyoiona, na mama aliiona. Nikampa vidonge vyake. Nikamwambia uongo wa ulimi afadhali, mtu anaweza kuukamata, lakini wake ameuvisha kofia. Nikamwambia mtoto anavuta vumbi lile lile, sasa linarushwa na mota. Nikamwuliza anaswalije. Hapo akafunika uso kwa mikono yenye grisi, na aliposema kwamba kila akisujudu anakisikia kifua cha mtoto kinapiga mluzi, hasira zote zikanitoka. Nafsi yake ilikuwa ikimsuta kuliko nilivyoweza mimi.

Tangu siku hiyo akawa hatulii. Alizunguka Diani, akashuka Galu, akauliza walinzi na watunza nyumba, hata akafika Shimoni kwa kusikia tu kwamba kuna mzungu anahama. Mwishowe Jumwa, mtunza nyumba mmoja wa Galu, akamwita. Safari hii hakutazama karatasi wala mpira. Aliomba kwanza stima. Akaichomeka, akaiacha ingurume, akaweka kiganja nyuma kuona kama inatoa vumbi, akaiacha tena ingurume, mpaka Jumwa akamwuliza kama anainunua au anaisikiliza kama taarabu. Ilikuwa kizazi cha tatu, nzima, juu mpaka chini.

Alipoileta nikamwambia haya, kamwambie mama wa watu. Akasema hapana haja ya kumtonesha. Atampigia simu, amwambie ailete ile aifanyie sevisi, kisha ampe hii, na kwa macho haina tofauti. Mtoto atapona, mama atafurahi, yamekwisha. Nikamwambia wewe unajua. Nami nikarudi kwenye cherehani, maana hata mimi mfuko nilikuwa nimeushona na kuutia kadibodi ya mraba, na nikampa mwenyewe bila kusema neno. Mimi ni nani nimhukumu mwenzangu?

Simu haikupigwa. Kabla hajaipiga, Bi Mwanafatuma akatokea mwenyewe, amevaa baibui jipya, uso umechoka. Mwanawe aliyeko Maskati amemlipia Umra, akasema, anaondoka wiki ijayo, na amepita kuaga. Kwetu anayekwenda safari ile hazungukii watu kwa kuaga tu. Anawaomba radhi, asibebe haki ya mtu mpaka mbele ya Kaaba. Kwa kawaida ni maneno ya haraka, kama nimekukosea nisamehe, na wewe unajibu nimekusamehe, mnapeana mikono. Muzammil alikwisha simama kuyajibu.

Lakini yeye hakuyasema hivyo. Aliomba kiti, akakaa, akasema ana la kumwambia kwa jina lake.

Nusra alikuwa amelazwa hospitali wiki iliyopita, akasema. Pumzi zilimkaba baada ya godoro kufyonzwa. Na pale kando ya kitanda, mtoto amewekewa mashine ya pumzi usoni, shetani alimwingia.

"Nilikudhania vibaya, mwanangu. Nilisema moyoni, huyu ameniuzia kitu kibovu. Na nikalitamka mbele ya jirani. Wewe hukunikosea lolote, nami nimekusengenya, nimekula nyama yako. Nihalalishie."

Mguu wangu ulisimama juu ya kanyagio la cherehani. Ile mashine nzima ilikuwa pale pale chini ya meza, imefunikwa shuka. Alichotakiwa kusema ni neno moja tu, nimekusamehe, na lingemtoka kirahisi kama linavyowatoka watu wote. Mama angekwenda Umra moyo mweupe, mashine ingebadilishwa kwa jina la sevisi, nasi wawili tungebaki na siri mpaka kaburini. Nakiri nilitamani alitamke. Nilikuwa nimechoka.

Muzammil alichutama mbele ya kiti chake mpaka wakawa sawa kwa macho.

"Sina la kukuhalalishia," akasema. "Ulidhani kweli."

Akamweleza. Mswisi, stima, moshi, mfuniko. Hakujitetea kwa yale maneno ya kama unavyoiona, wala hakuruka vibibi na mbaazi alizokuwa akinipa mimi. Nami nikavuka nikakiri la mfuko, nikilia bila haya, wapita njia wakitutazama. Muzammil akafunua shuka akamwonyesha mashine ya kweli, akamwambia ni yake, na pesa zake za mwanzo atarudishiwa zote.

 Bi Mwanafatuma alizungusha pete yake kidoleni. Nilidhani atatulaani, na angetulaani tungestahili.

"Langu nimekusameheni," akasema mwishowe. "La Nusra si langu. Likaombeni kwake."

Tukaenda naye Msambweni mchana ule ule, mashine katikati yetu kwenye tuktuk. Nusra alikuwa amekaa mkekani barazani, mwembamba, anachora nyumba zenye madirisha mengi. Akatuamkia shikamoo mmoja mmoja. Nikamwona Muzammil anatafuta pa kuanzia. Huyu mtu huzungumza na mameneja wa hoteli bila kigugumizi, na mbele ya mtoto yule alikaa chini akakunja miguu kama yuko chuoni mbele ya mwalimu. Akamwambia kwamba amemkosea. Akaleta mashine zote mbili, ya zamani na mpya, akazifungua mbele yake, akamwonyesha palipo na mpira na pasipo na mpira, na jinsi alivyochukua kofia ya nyingine kama hii akaivisha ile. Nusra aliupapasa mpira kwa kidole, kama afanyavyo Muzammil.

Kisha akamtazama. "Kwani hukujua kama nina pumu?"

Muzammil, ambaye hakuna mashine asiyoijua, akainamisha kichwa.

"Nilijua," akasema.

Nusra hakusema amemsamehe. Alikusanya kalamu zake, akasogea hadi ukingoni mwa mkeka, akampisha aipitishe mashine pale alipokuwa amekaa.