Uji wa Mjukuu Wangu Haukuwa Pombe

Inasemwa hapa mtaani kwetu Bombambili kwamba nilimlisha mjukuu wangu pombe akiwa na umri wa miezi sita. Usemi huo si sahihi. Nimeusikia gengeni, nimeusikia nje ya kanisa baada ya misa ya pili, na mara ya mwisho niliusikia kutoka kwa mtu ambaye hadi siku hiyo nilikuwa nikimheshimu. Nimetumikia masjala ya serikali hadi kustaafu kwangu, na hakuna jalada lililopata kupotea mikononi mwangu. Naona basi ni wajibu wangu kueleza jambo lilivyokuwa, ili anayependa kuendelea kusema aseme huku akijua.

Mtoto mwenyewe ni wa binti yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini Songea. Mumewe hununua korosho Tunduru na huonekana kwetu pale msimu unapomruhusu. Mke wangu alikwisha kufariki. Nyumbani tulikuwa watatu: binti, mtoto na mimi. Mtoto alipokuwa mchanga, binti alikuwa na ruhusa ya kutoka kazini mapema ili anyonyeshe. Ruhusa hiyo hukoma mtoto anapotimiza miezi sita. Ni utaratibu, siulalamikii. Ninachosema ni kwamba mtoto hakuarifiwa. Yeye aliendelea kuamini kwamba chakula ni mama, na kwamba kitu kingine chochote kikiingia mdomoni kinapaswa kurudishwa kilikotoka.

Habari hizo zikafika Peramiho, anakoishi mama mkwe wa binti yangu, mwalimu mkuu mstaafu. Alinipigia simu. Salamu zilikuwa ndefu na za heshima, kwa hiyo nikajua kuna jambo.

"Mkwe," alisema, "mwanamume kushinda na mtoto anayeanza kula, si tutakuwa tumekuonea? Waje huku wote wawili. Mama yake atapanda kosta asubuhi aende kazini, jioni atarudi. Mimi nipo, na nyumba ni kubwa."

"Hata hii si ndogo," nilimjibu.

"Basi tufanye hivi. Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Nikikuta anakula, nitanyamaza. Nikikuta hali, nitaondoka nao."

Binti alikuwa amesimama karibu na aliyasikia yote. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema tu, "Baba, mimi nataka ale." Sikumlaumu. Nilikwenda nikatazama chumba wanacholala, nguo za mtoto zikiwa zimetandazwa juu ya kiti, nikafunga mlango, nikaenda jikoni.

Muuguzi wa kliniki alikuwa ametoa maelekezo bayana. Uji wa mtoto uwe mzito. Aliinamisha kijiko mbele yetu akasema kwamba uji unaoteremka haraka ni maji, na mtoto anayeshibishwa maji hakui. Nilikuwa tayari nimeanza na parachichi lililopondwa, na mtoto akalirudisha. Boga alilirudisha. Viazi alivitazama kwanza, akavirudisha. Uji mzito wa unga wa dukani ulimganda kwenye kaakaa, akalia kwa hasira ya mtu aliyetiwa gundi, na katika hili nilimuunga mkono kimyakimya.

Nikaamua kutengeneza unga wangu mwenyewe. Nilinunua mahindi, ulezi, soya na karanga. Soya nilizichemsha, nikazianika, nikazikaanga. Ulezi niliupeta na kuuosha hadi maji yakatoka safi. Jirani mmoja alipita, akanikuta na ungo mapajani, akaniuliza kama nimeoa. Niliendelea kupeta.

Sasa inabidi nieleze kuhusu mashine ya kusaga, kwa kuwa watu wanaosema maneno hawataki kufika hapo. Mwenye mashine hawezi kuiwasha kwa ajili ya debe dogo la uji wa mtoto. Debe dogo husagwa likifuata mzigo mkubwa wa mtu mwingine. Na mashine haitoi unga wote. Daima hubaki kiasi tumboni mwake, na kiasi hicho hutoka na unga wa anayefuata. Kwa hiyo mtu mwangalifu huchagua anamfuata nani. Siku hiyo palikuwa na kijana mwenye chakula cha kuku, bibi mmoja mwenye makopa ya muhogo yaliyoanza kuwa meusi, na mama mmoja wa makamo mwenye kiroba cha ulezi, kimefungwa vizuri.

"Mzee, umeleta nini?" aliuliza mwanamke aliyekaa juu ya gunia lake la mahindi.

"Unga wa mtoto."

"Hongera! Umejifungua lini?"

"Ni mtoto wa binti yangu."

"Na mama yake yuko wapi?"

"Kazini."

"Basi wewe ndiye unayenyonyesha! Jamani mpisheni mzee, maziwa yatamkauka kwenye foleni!"

Walicheka wote, mwenye mashine akiwemo. Nilisubiri vicheko viishe. Kisha nilimwendea mama mwenye kiroba na kumuuliza maswali matatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo maswali yaliyostahili.

"Ni ulezi mtupu?"

"Mtupu, baba. Haujachanganywa na kitu."

"Umeoshwa?"

"Nimeuosha, nikauloweka, nikauanika. Huoni hata mchanga."

"Umeanikwa chini au juu ya turubai?"

"Turubai, baba. Wewe ni bwana afya?"

Niliridhika. Kuuloweka nilikuchukulia kuwa ni usafi wa ziada. Niliomba nimfuate, na mwenye kuku akaachwa nyuma. Kwa ushahidi uliokuwa mbele yangu, uamuzi ule ulikuwa sahihi, na ningeufanya tena.

Nikarudi nyumbani nikabandika sufuria kwenye jiko la mkaa. Nilikoroga unga kwa maji ya baridi, nikauweka motoni, nikaendelea kukoroga. Uji ulianza kushika kama kawaida. Kisha, nikiwa nautazama, ukalegea. Niliongeza unga. Ukashika, ukalegea. Binti akaja akachungulia.

"Baba, umeweka maji mengi."

"Maji nimeyapima."

"Sasa mbona unatembea?"

Nilisema labda ni mkaa, kwamba moto haukuwa na nguvu. Tukachochea. Niliongeza unga mwingine, kiasi ambacho kwa uji wa kawaida mwiko ungesimama wenyewe. Uliendelea kuteremka kwenye kijiko, laini, wa rangi ya udongo, ukinukia vizuri kuliko ulivyostahili. Mtoto alikuwa akilia. Binti akasema tumpe hivyo hivyo, kesho tutaona.

Alikula. Kijiko cha kwanza alikishikilia mdomoni akanitazama kwa mashaka, kama mtu anayesoma barua mara ya pili. Kisha akameza. Cha pili alikifuata kwa mkono. Alimaliza kibakuli na kulalamika kwamba kimeisha. Binti alikaa chini kwenye kigoda, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema ni moshi.

Mimi sikushangilia. Maelekezo yalisema mzito, na uji ule haukuwa mzito. Wiki nzima mtoto alikula kwa bidii, na wiki nzima niliinamisha kijiko na kuuona ukiteremka. Nilijua mwalimu mkuu mstaafu atafanya nini akifika. Ataomba kijiko.

Alifika Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Binti alimwamkia, "Shikamoo mama," akaitika huku mikono yake tayari imeelekea kwa mtoto.

"Mume wangu! Wamekuficha huku? Njoo nikuone. Mbona mashavu haya?" Akamgeuza huku na huku, kisha akanigeukia. "Mkwe, uji uko wapi?"

Niliuleta. Aliomba kijiko.

Alikiinamisha, uji ukateremka wote. "Mkwe, haya ni maji."

"Si maji. Unga uliomo humo ungetosha ugali."

"Ugali unaomwagika?"

Binti aliinamisha kichwa. Alikuwa ameshakunja kanga mbili za mtoto na kuziweka kitandani. Niliziona asubuhi na sikuuliza. Mkwe alionja uji. Akaonja tena.

"Umetia sukari?"

"Sikutia."

"Lete unga wenyewe."

Alifungua debe, akaingiza pua, na kilichofuata sikukitarajia kutoka kwa mtu wa cheo chake. Alicheka hadi akashika mlango wa jiko. Ua wetu ni wa miti mifupi na sauti yake ni ya mtu aliyezoea kuhutubia wanafunzi mstarini, kwa hiyo hapa ndipo usemi wa mtaani ulipozaliwa.

"Kimea! Mkwe, umemtilia mtoto kimea! Huyu yuko kilabuni, anakunywa komoni na babu yake!"

Kwa faida ya wasiojua: kimea ni nafaka iliyolowekwa, ikaachwa iote, ikaanikwa na kusagwa. Wapika komoni hukitumia, na wapika togwa pia. Kikiingia kwenye uji ulio motoni huulegeza na kuutia utamu. Mama yule wa kiroba alikuwa akienda kupika pombe, na unga wake uliobaki tumboni mwa mashine ndio uliotoka na wangu. Ulezi wake ulikuwa mtupu, umeoshwa na kuanikwa juu ya turubai, kama alivyosema. Kwamba katikati uliota, hakusema, nami naendelea kuona kuwa ilikuwa taarifa pungufu. Lakini pombe ni kitu kilichochachuka. Uji wa mjukuu wangu uliiva na kuliwa papo hapo. Hakuna pombe ya robo saa.

Nilimweleza mkwe hayo yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza, akafuta machozi ya kicheko, kisha uso wake ukatulia.

"Mama yangu alitutilia hivi hivi," alisema. "Unga mwingi, lakini unamezeka. Tulikula saba kwenye chungu kimoja. Mimi wangu sikuwatilia. Nilikuwa nimesoma, niliona ni mambo ya wapika pombe." Akamketisha mtoto pajani. "Mume wangu, fungua."

Mtoto alifungua. Alikula kibakuli chote mkononi mwa bibi yake, akajipaka kilichobaki kichwani, akalala akiwa ameshika kijiko. Binti alikuwa akimtazama mkwe wake, na mimi nilikuwa nikitazama jiko, kwa kuwa mahali pengine palikuwa pagumu kutazamwa.

"Mama," binti alisema hatimaye, "tungebaki hapa."

"Nilisema nikikuta anakula nitanyamaza." Akanigeukia. "Lakini kimea nitakitengeneza mimi, mkwe, na nitakileta. Usimtegemee tena mpika pombe kumlisha mjukuu wangu. Siku asipokwenda mashine utampa nini?"

Nilikubali sharti hilo. Binti alichukua kanga kitandani akazirudisha kabatini, akafunga mlango wa kabati kwa goti kama mama yake alivyokuwa akifanya.

Jioni nilimsindikiza mkwe hadi stendi. Aliingia peke yake kwenye kosta ya Peramiho, akakaa dirishani, akaniita gari likiwa linaanza kusogea.

"Mkwe! Usimnenepeshe mno, nitashindwa kumbeba."

Nilimjibu kwamba hilo litategemea mtoto mwenyewe.