Kilango cha Baba Dogo

Geti kubwa la kiwanda cha nguo kule mtaani Baba Dogo lilifunguliwa kwa malori tu. Sisi vibarua tulipitia kilango kilichokatwa ndani ya geti lenyewe, kifupi hata mtoto wa darasa la nne angeinama. Upande wa ndani alisimama nyapara, mikono nyuma, akipokea vichwa vyetu kana kwamba tunamsujudia. Nilimchukia mtu yule, na sioni haja ya kulipamba neno.

Mimi ni mrefu, kwa hiyo niliinama kuliko wote. Ubaya ni kwamba nikishapita sikunyooka tena. Nilishinda nimejikunja, mabega masikioni, na sauti yangu ikawa ndogo kama ya mgonjwa. Miezi saba nyapara alinitupa kwenye chumba cha kutia nguo rangi, mvuke ukinichoma kifua hadi nikawa nakohoa kanisani watu wakiomba. Na kushona nilijua! Shangazi aliyenilea alinifunza. Kila asubuhi niliapa nitaomba cherehani, na kila asubuhi nikiibuka mbele ya nyapara na mgongo wangu wa kibyongo, maneno yalinikaukia kinywani.

"Wewe twiga, rangi!" alizoea kusema. Wenzangu walicheka ili wapendwe, wanafiki wakubwa.

Kisha mifereji ya maji ya mtaa wetu ikakauka. Jumapili moja nikarudi kutoka kuteka maji mbali, na mtungi wa lita ishirini kichwani, shangazi nyuma yangu na wake. Mlango wa ploti yetu, ule ua wa vyumba vya kupanga, nao ulikuwa mfupi.

"Kunja magoti, si shingo!" akanifokea. "Utatumwagia maji!"

Nikakunja magoti, mgongo wima, nikapita bila tone kudondoka. Niliutua mtungi nikiwa nimekasirika kabisa. Kumbe maji niliyaheshimu kuliko nafsi yangu?

Jumatatu nilipita kilangoni vilevile, kama niliyejitwika mtungi. Nikaibuka shingo ikiwa imesimama, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba nyapara ni mfupi, tena ana upara unaotoka jasho. Pumzi ikanishuka hadi tumboni.

"Unaniangalia nini? Enda rangi!"

"Sitaki rangi. Najua kushona. Nipe cherehani."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Nimesema mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Nyapara alinipeleka kwenye cherehani isiyo na mtu, akanirushia kola ya shati. "Shona hiyo. Ikienda kombo, usiwahi rudi hapa."

Niliishona. Aliigeuza nje ndani, akaivuta, akaikagua kama anayetafuta chawa, asipate kitu.

"Basi kaa hapo," alisema akitazama ukuta.

Sikumwambia asante. Shangazi aliposikia alisema nimekosa adabu, na huenda ni kweli. Chuki yangu kwa nyapara yule haikupungua hata chembe. Ila tangu siku hiyo nilimchukia nikiwa nimesimama wima.